Maji ya Bibi Ndani ya Tangi la Babu

Konokono ndio walioanza kufa. Walikuwa wadogo na weusi, kazi yao kupanda kioo na kula ukungu wa kijani, na nilikuwa nimewazoea kiasi cha kutowaona tena, mpaka asubuhi niliyowakuta wawili wamelala chali mchangani. Nilidhani ni uzee. Niliwatoa kwa kijiko kirefu, nikafunika tangi, nikarudi kibarazani kumalizia baiskeli ya mtu.

Mimi na mama tunapanga chumba cha uani kwenye nyumba ya wazee wawili Wahindu, hapa Morogoro mjini. Zamani upande wa mbele kulikuwa na duka lao la vitambaa. Duka lilifungwa, kibaraza kikabaki, na nilipomaliza darasa la saba mzee alinipa kibaraza kile nitengenezee baiskeli. Tulimwita Babu, na mkewe tulimwita Bibi, kama walivyofanya wapangaji wote waliotutangulia. Mtoto wao mmoja anaishi ng'ambo.

Sebuleni mwao kulikuwa na tangi la kioo, refu kama meza ya kulia chakula, lenye maji ya bahari. Bahari yenyewe iko mbali na sisi. Ukitoka mlangoni kwao unachokiona ni milima ya Uluguru na mawingu yake. Maji yalikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya madumu, na mimi ndiye niliyekwenda kuyapokea stendi ya Msamvu na kuyafunga nyuma ya baiskeli. Makondakta walinizoea.

"Dogo wa bahari huyo kafika," walisema. "Mpeni bahari yake kabla haijakauka."

Sikuwahi kuwajibu. Maneno hunitoka kwa shida, hata nikichokozwa.

Ndani ya tangi kulikuwa na samaki wachache wa rangi ya chungwa, mawe, konokono, na tumbawe. Watu wengi wakisikia tumbawe hufikiria jiwe gumu la kujengea. Hili lilikuwa laini. Lilikaa kama uyoga mkubwa wa rangi ya chai ya maziwa, shina nene na kofia pana yenye mikunjo, na juu ya kofia vidole vidogo vingi mno, kila kimoja kina kinyota mwishoni. Taa ikiwaka asubuhi vidole vilichomoza polepole, vikayumba pamoja na maji. Ukilitikisa vilirudi ndani, likabaki kama ngozi tupu. Babu alipewa kipande kisichozidi kidole gumba, kilichokatwa kwenye tangi la rafiki yake wa Dar es Salaam, akakilea hadi kikawa kipana kama sahani.

"Huo uyoga," mama alimwambia siku moja, "kwetu Kinole ungeshapikwa na karanga zamani."

"Ndiyo maana sikai Kinole," Babu akamjibu, na wakacheka wote wawili hadi Bibi akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Babu alinifundisha kulihudumia kwa sababu mikono yangu ilikuwa myembamba na haitetemeki. Nilinawa mikono hadi viwikoni, bila sabuni, kabla ya kuiingiza. Nilijua kuwa joto la Morogoro linakausha maji lakini chumvi haiendi popote, kwa hiyo kila siku huongezi maji ya bahari bali maji ya kuchuja yasiyo na chumvi, tuliyoyanunua kwenye madumu makubwa, mpaka yafike kwenye alama ya utepe mwekundu iliyobandikwa kiooni. Akinifundisha hakunipigia kelele. Nilipokosea alisema tu, "Anza tena," na tulianza tena.

Kisha moyo wake ukamsimama, mchana, akiwa kwenye kiti chake. Mtoto alikuja kutoka ng'ambo. Wanaume walimchoma mzee kwa desturi yao, halafu mtoto na yule rafiki wa Dar wakayapeleka majivu baharini. Bibi hakwenda. Katika familia yao wanawake hubaki nyumbani, naye alibaki, akakaa mbele ya tangi na wanawake wenzake wakimzunguka kwa sari nyeupe. Mtoto alipomsihi waondoke pamoja, alionyesha kioo kwa kidevu akasema, "Na hili nani ataliangalia?" Mtoto akasema liuzwe. Bibi akakataa. Mtoto akaondoka peke yake.

Tangu hapo tulikuwa wawili wa kuliangalia. Macho ya Bibi yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na rangi lakini haoni vidole vya tumbawe. Kwa hiyo kila asubuhi alikaa kwenye kiti cha Babu na kuniuliza, "Limefunguka?"

"Limefunguka, Bibi."

"Lote?"

"Lote. Na upande wa dirishani limenyanyuka kidogo."

Hapo aliridhika, akaagiza chai. Wakati mwingine alizungumza nalo kwa Kigujarati. Katika maisha yao yote sikumsikia akimtaja mumewe kwa jina. Kwao mke hataji. Akimhitaji kutoka chumba kingine alipaza sauti kwa neno lao moja ambalo Babu aliwahi kunieleza kuwa ni sawa na kusema "unasikia?" Ndivyo alivyolisemesha na tumbawe. Mara moja, nikimimina dumu jipya la maji ya bahari, aliniuliza wanayachota wapi.

"Dar, Bibi. Ufukweni."

"Ni bahari ileile walikomweka?"

"Bahari ni moja, Bibi."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilitafuta. Nilifunga dumu nikaenda zangu.

Konokono waliendelea kufa hadi wakaisha. Tumbawe nalo likaanza kuchelewa kufunguka. Kwanza nilisema ni kule kubadili ngozi, maana tumbawe la aina ile kila baada ya muda hunywea, likajifunika utando mwembamba kama nta, kisha likauvua na kung'aa upya. Nikageuza pampu ili maji yalipige kwa ubavu na kuubandua utando, kama nilivyofundishwa. Utando ukabanduka. Chini yake hakukung'aa. Kulikuwa na kijivu.

"Limefunguka?" Bibi aliuliza.

"Bado, Bibi. Linabadili ngozi."

"Limechukua muda safari hii."

"Ndiyo, Bibi."

Akasema bila kunigeukia, "Hili likifa sina pa kukaa naye. Unajua hivyo?"

Nilisema najua. Nilikwenda kukaa kibarazani, mteja akaniuliza mara mbili bei ya spoki na sikumsikia.

Rafiki wa Babu, yule mzee wa Dar, aliniachia namba yake ya simu siku ya msiba. Niliogopa kumpigia, kwa hiyo nikamwandikia ujumbe. Mimi huandika polepole, herufi moja naitafuta, nyingine naifuta. Kabla sijamaliza ujumbe wa pili simu ikalia.

"Kijana, unaandika au unachonga jiwe? Naona tu 'anaandika, anaandika', chai yangu imepoa! Ongea."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ongea!"

Nikamweleza. Aliniuliza kuhusu taa, kuhusu joto, kuhusu chumvi. Vyote vilikuwa sawa. Akauliza, "Samaki wanakula?"

"Wanakula sana."

"Konokono?"

"Wamekufa wote."

Sauti yake ilibadilika. "Samaki wazima, konokono wamekufa, tumbawe linanywea. Kuna shaba inaingia humo. Shaba kidogo samaki anaivumilia, lakini konokono na tumbawe hawaiwezi hata chembe. Tafuta sarafu, waya, bangili, koki, chochote chekundu. Na nitakutumia vichupa vya kupimia."

Vichupa vilikuja na madumu. Nilitia matone kwenye maji kidogo ya tangi, nikasubiri. Maji yalipaswa kubaki meupe. Yalibadilika rangi mbele ya macho yangu.

Nilitafuta. Nilichomoa pampu na kuifungua skrubu zote, nilichambua nyaya za taa, nilipitisha vidole kwenye mchanga wote kona hadi kona. Niliyapima maji ya kuchuja kutoka kwenye dumu, yalikuwa safi. Niliyapima ya bahari, safi. Mama alikuja kunishika taa ya simu nikiwa nimelala chini ya tangi.

"Umepoteza nini humo, pete ya uchumba?"

"Shaba."

"Na ukiipata unaiuza?"

Sikuipata. Mzee wa Dar akasema tufanye lililo ndani ya uwezo wetu: alituma maji mapya, na kitambaa maalumu cha kuweka kwenye chujio kinachonyonya shaba, na mfuko wa mkaa wa kuchujia. Nilibadili maji kidogo kidogo ili nisilishtue tumbawe. Likapata nafuu. Vidole vichache vya ukingoni vilichomoza. Nilimwambia Bibi, akapiga makofi, akanipikia thepla, chapati zao za majani ya uwatu, na kunilazimisha nile nikiwa nimesimama palepale mbele ya kioo. Haikupita muda likanywea tena, baya zaidi ya mwanzo. Upande mmoja wa kofia ulianza kulegea na kutoa harufu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililiona lakini sikulipa maana. Maji hayakuwa yakipungua kama zamani. Nilipofika kuongeza nilikuta yamekaribia utepe mwekundu. Nilidhani ni kwa sababu ya baridi ya kipupwe.

Siku niliyoelewa nilikuwa nawahi basi la kwanza la mzigo Msamvu. Kulikuwa kumeanza kupambazuka na milima inaonekana nusu. Madumu matupu yalikaa kwenye korido yao, na Bibi alikuwa amenipa ufunguo wa mlango wa nyuma tangu zamani. Nilipotoka chumbani kwetu nilimwona amesimama uani na chombo chake cha shaba chenye shingo nyembamba, kile wanachokiita lota. Hilo halikunishangaza, alifanya hivyo kila alfajiri tangu nikiwa mtoto. Alimimina kidogo akielekea linakochomoza jua. Alimimina kidogo kwenye shina la mrehani wake kwenye chungu. Kisha, badala ya kukiweka chombo jikoni, akaingia nacho sebuleni. Nilimfuata kwa sababu madumu yalikuwa upande huo.

Alikuwa amenyanyua kifuniko cha tangi. Alikuwa akimimina yaliyobaki, taratibu, juu ya tumbawe, huku akisema lile neno lao. Unasikia? Unasikia?

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi."

"Naenda Msamvu." Miguu haikuondoka. "Bibi, unaongeza maji?"

"Yake," alisema. "Jua lina maji yake, mrehani una maji yake, na yeye ana yake. Hawakuniruhusu niende kumwaga baharini. Wewe si ndiye uliyeniambia bahari ni moja?"

"Ndiyo, Bibi. Hayo maji yamelala humo?"

"Lazima yalale. Maji yaliyolala kwenye shaba ndiyo maji ya afya. Mama yangu alininywesha hayo, mtoto wangu nilimnywesha hayo. Babu yako alikunywa hayo kila siku kabla ya chai." Akageuza lota likadondosha tone la mwisho. "Tangu ameanza kuumwa namwongezea. Leo nimempa yote yaliyobaki."

Nilichukua madumu nikatoka. Njiani sikupanda baiskeli, niliikokota. Makondakta walinitania kama kawaida na nadhani safari ile walidhani nimewakasirikia.

Nilimwambia mama jioni, akiwa anachambua mchicha. Alitua kisu.

"Sasa utafanyaje?"

"Mwambie wewe."

"Mimi?" Mama alinitazama. "Mimi niende nikamwambie mjane kuwa maji ya mumewe ni sumu? Nitaanzia wapi? Shikamoo, halafu?"

"Mama, mimi siwezi."

"Anakusikiliza wewe. Mimi ataniona mpangaji." Baadaye aliongeza, kwa sauti ya chini, "Na usimwachie asikie kwa yule mzee wa Dar. Ataropoka."

Asubuhi iliyofuata nilinyamaza. Nilichofanya ni kununua jagi la kioo, nikalijaza maji ya kuchuja, nikaliweka juu ya meza ndogo kando ya tangi, nikitumaini litasema badala yangu. Bibi alilipapasa, akauliza nani kasahau jagi lake hapa, akalipeleka jikoni. Harufu ya tumbawe ilikuwa imezidi. Kila alfajiri niliyokaa kimya karibu lota zima liliingia mle.

Basi siku nyingine niliamka mapema kumzidi. Nilinyanyua kifuniko mwenyewe, na alipofika nikaweka kiganja changu juu ya maji, vidole nimevitanua.

"Toa mkono, mwanangu."

"Bibi, usimimine."

Sikuwahi kumkatalia mtu mzima kitu. Yeye pia alijua hivyo. Alisogeza uso karibu na wangu kunitafuta kwa macho yale.

"Kwa nini?"

"Shaba inaliua. Samaki haiwadhuru hivyo. Konokono iliwaua, na hili inaliua."

"Nani kasema?"

"Mzee wa Dar. Na tumepima, Bibi. Mimi mwenyewe nimepima."

"Ni maji haya?"

"Ni haya. Nilitafuta kila mahali."

Alilishika lota kwa mikono miwili. "Tangu lini?"

"Tangu konokono. Pengine kabla yao."

"Na lilipoanza kuumwa ndio nikaongeza."

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kwa maneno ya baada ya hapo, nikayatoa yote kwa pamoja yakigongana: kwamba maji yanahitajika kila siku kwa sababu ya joto, kwamba jagi lile la kioo ni la kwake, kwamba yaliyochujwa hayana ubaya, amimine yeye mwenyewe kila asubuhi na aseme anachosema, hakuna kitakachoharibika.

"Nimempa sumu kwa mkono wangu," alisema.

"Si yeye, Bibi. Ni tumbawe."

"Najua ni tumbawe!" Hakuwahi kunipandishia sauti kabla ya siku ile. "Mimi si mwendawazimu. Najua ni tumbawe."

Akaenda jikoni. Nilisikia maji ya lota yakimwagwa kwenye karo. Hakuyapeleka hata kwenye mrehani.

Siku hiyohiyo nilimpigia mzee wa Dar nikamwambia nimeipata shaba, bila kumwambia ilikotoka. Nilisema ni chombo. Akaniambia upande unaooza hautapona na utaumaliza na mzima, nikate. Nilipouliza nikate vipi, alicheka kwa huzuni. "Kama unavyokata nyama, lakini wembe mpya na usisite. Linavumilia. Mimi nimelikata hilohilo, ndio Babu yako akapata la kwake."

Nilitoa jiwe lake nikaliweka kwenye beseni la maji ya bahari. Lilikuwa zito na linateleza, na nilipolibana lilijikunja vidoleni mwangu kama kitu kinachojua. Nilikata sehemu ya kijivu, ikatoa uteute na harufu iliyojaza nyumba nzima. Nilikata tena, kwa sababu kila nilipofikiri nimefika kwenye uzima nilikuta mstari mwingine wa kijivu ndani. Mwishowe kilibaki kipande cha ukingo wa kofia, kiasi cha kiganja cha mtoto. Shina lote lilikuwa limeoza. Nilitaka kukifunga kwenye jiwe jipya kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, mzee wa Dar akapiga kelele simuni: "Unaziba pancha? Tumia uzi!" Nikafungua moja ya makasha ya duka la zamani, nikachukua uzi mweupe wa pamba, nikakifunga kwa kulegeza, nikakirudisha chini ambako mwanga si mkali.

Bibi hakuja kutazama. Alikuwa amehamishia kiti cha Babu jikoni. Alipotaka kwenda chumbani alizunguka kwa uani, hata mvua ikinyesha, ili asipite sebuleni. Ile asubuhi ya kwanza nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikingoja aniulize, akaniuliza kama mama anahitaji limau. Nilisema bila kuulizwa, "Bibi, kile kipande kimeshika vizuri."

"Asante, mwanangu."

Kila siku nilisema kitu. Kimenyooka. Kimevua ngozi. Rangi inarudi. Kila siku alinijibu asante, kwa adabu ileile anayowajibu watu wa kusoma mita ya umeme. Nilipima maji na matone hayakubadilika tena rangi. Nilimletea jagi la kioo hadi mkononi, nikamwambia, twende tumimine pamoja, nitakushika. Alilishika kwa muda kisha akaliweka mezani kwa uangalifu, mbali na ukingo.

"Si maji," alisema. "Siwezi tena kunyanyua mkono juu yake."

Siku kipande kilipofunguka, kilifunguka chote kwa mara moja. Nilikuwa nafuta kioo. Nilipoinua kichwa, vidole vilikuwa nje, vifupi, vyeupe, vikiyumba, na vinyota vyake vyote. Nilikimbia jikoni kama mtoto. Nilisahau hata kusalimia.

"Bibi, limefunguka! Lote!"

Alikuwa anakoroga dengu. Aliacha mwiko ukasimama sufuriani. Kwa muda mfupi nilidhani atanifuata, maana alifuta mikono na kugeuza miguu kuelekea sebuleni. Akafika mlangoni, akashika fremu. Mwanga wa buluu wa tangi ulimfikia usoni. Alisimama hapo.

"Ni zima kweli?"

"Zima kabisa, Bibi."

"Basi lipeleke Dar kwa rafiki yake," alisema. "Lipeleke mahali ambapo sitalifikia."

Niliomba. Ninaposema niliomba ninamaanisha nilisema maneno kama matano, basi. Mama naye alimwomba kwa niaba yangu, akamwambia kijana huyu amelihangaikia, mwachie. Bibi akamjibu mama kwamba ndiyo maana anataka liondoke likiwa zima, nisije nikaliona likifa mara ya pili, yeye ni mzee na mkono wa mzee husahau, na asubuhi moja atajikuta amesimama pale na lota.

Niliweka jiwe lake kwenye mfuko wa nailoni wenye maji na hewa, mfuko ndani ya mfuko, kisha kwenye boksi lenye magazeti. Samaki niliwafunga katika mifuko yao. Safari hii mzigo ulikuwa unatoka kwangu kwenda Msamvu. Kondakta alipokea boksi akauliza, "Bahari inarudi kwao?" Nilimwambia aliweke lisimame wima, lisipigwe na jua. Alishtuka kusikia sauti yangu, nadhani, kwa sababu alilibeba kwa mikono miwili hadi ndani.

Mzee wa Dar alinitumia picha baadaye. Kipande kilikuwa juu ya jiwe pana, kati ya matumbawe mengine, kimeongezeka ukubwa, vidole vyote nje. Nilikaa nayo kibarazani muda mrefu kabla ya kwenda jikoni. Bibi alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nilimwekea simu karibu na macho, nikaongeza mwanga hadi mwisho. Alitazama sana. Sijui aliona nini.

"Huko nani anamwongezea maji?" aliuliza.

"Hakuna mtu, Bibi. Kuna mashine. Yakipungua mashine inaongeza yenyewe."

"Mashine." Alinirudishia simu. "Vizuri. Hiyo ni vizuri."

Aliurudisha ungo mapajani akaendelea kuchagua mchele, akitafuta kwa ncha za vidole mawe asiyoyaona. Nilichuchumaa upande wa pili, nikamsaidia.